Mdandia: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Kimelea Wetu wa Kubuni Kutoka Anga za Juu

Mdandia hayupo. Hayupo Karamoja, hayupo Butiaba, wala mbuzi wako hajambeba. Ametungwa kwa ajili ya waandishi wa hadithi, wachoraji wa katuni na watengenezaji wa michezo nchini Uganda wanaotaka zimwi moja la pamoja, ambalo yeyote anaweza kulitumia bure. Sharti letu ni moja tu: ukitaka afanye jambo jipya, onyesha chakula chake kimetoka wapi na joto lake limekwenda wapi. Katika majibu haya, yanayomhusu mdandia ni ya kubuni. Yanayohusu mbung'o, funza, minyoo, nyigu na vimondo ni ya kweli, na ndiyo tuliyomjengea.

Kwa nini aitwe mdandia?

Kwa sababu hana usafiri wake. Angani hudandia jiwe, ardhini hudandia tope la kwato, kisha humdandia mbuzi. Yeyote aliyewahi kuona vijana wakining'inia nyuma ya lori linalopanda mlima ameshamwelewa.

Ni kimelea au ni mwindaji?

Yuko katikati. Mnyoo wa kichocho ni kimelea mwenye subira: hukaa katika mishipa ya damu miaka 3 hadi 10 akitaga, na kifo cha mwenyeji ni hasara kwake. Upande wa pili kuna nyigu wadogo wanaotaga ndani ya viwavi. Watoto wao humla kiwavi akiwa hai, viungo vya lazima wakiviacha mwisho, na kiwavi hafiki ukubwani. Mdandia anamkaribia zaidi nyigu. Anamhitaji mwenyeji aendelee kula na kutembea kwa siku 45, halafu hamhitaji tena.

Hapa ndipo hadithi nyingi zinazotufikia huharibika. Mwandishi anataka damu mapema, basi mbuzi anaanguka siku ya 20. Mbuzi akifa siku ya 20, aliye ndani amekufa naye, na hadithi imeisha.

Anawezaje kuishi angani bila hewa wala maji?

Haishi, anasubiri. Hatua yake ya angani ni punje kavu yenye upana wa milimita 2 na uzito wa miligramu 3, na mwili wake umesimama kabisa.

Mfano wetu hatukuutoa mbali. Kuna mdudu anayeitwa Polypedilum vanderplanki, wa ukoo mmoja na wale wadogo wanaopaa kama moshi juu ya Ziwa Victoria. Anapatikana katika sehemu kavu za Afrika, Uganda ikiwemo, na buu wake huishi kwenye vidimbwi vya mvua juu ya miamba. Kidimbwi kikikauka, naye hukauka mpaka maji mwilini yabaki kama asilimia 3. Mahali pa maji hujaza sukari iitwayo trehalosi, ambayo hufika karibu sehemu moja ya tano ya uzito wake mkavu na kugeuka kitu kama kioo kinachoshikilia kila chembe mahali pake. Akiwa hivyo, amevumilia kwa muda mfupi baridi ya nyuzi 270 chini ya sifuri na joto la nyuzi 102 za Selsiasi, na mionzi ya grei 7,000, ilhali binadamu hufa kwa grei 5 hivi. Mabuu waliohifadhiwa kavu miaka 17 walifufuka. Ukimtia majini, huamka baada ya saa moja hivi.

Zingatia kasi ya kukauka. Buu huyo anahitaji takriban saa 48 za kukauka polepole ili atengeneze sukari ya kutosha. Ukimkausha kwa saa chache, hafufuki. Mdandia ana sheria hiyo hiyo. Mhusika wako akimrusha mdandia mbichi nje ya chombo cha anga, huyo amekufa, na hata akirudishwa ndani na kumwagiwa maji haamki. Punje pekee, iliyokaushwa taratibu tumboni mwa mama, ndiyo inayovuka.

Imetoka wapi, na imesafiri muda gani?

Tumeiweka asili yake kwenye mwezi mdogo wa barafu wenye bahari chini na chemchemi za moto sakafuni. Enceladus, mwezi wa Zohali, una tabia hiyo: hurusha maji na chembe za barafu angani kupitia nyufa, na kasi ya kuuponyoka ni kama mita 240 tu kwa sekunde. Duniani unahitaji kilomita 11.2 kwa sekunde. Punje inayorushwa na mwezi wa namna hiyo haihitaji roketi.

Wengi hutuomba tumtoe kwenye nyota nyingine. Tumekataa. Kwa kasi ya kilomita 26 kwa sekunde, safari kutoka nyota ya jirani kabisa huchukua zaidi ya miaka 48,000. Mwaka 2021 ilitangazwa kwamba rotifa, viumbe wasioonekana kwa macho, walifufuka baada ya takriban miaka 24,000 katika barafu ya Siberia, lakini walikuwa wamefunikwa na udongo. Nje kule mionzi haiachi kugonga, na aliyelala hajikarabati.

Anashukaje bila kuungua?

Ndani ya jiwe. Kimondo huungua ngozi tu: ganda jeusi la milimita moja au mbili, na ndani hubaki baridi kwa sababu safari ya hewani ni ya sekunde chache. Jiwe dogo hupoteza kasi yake ya angani lingali juu sana, halafu huanguka kama jiwe lolote lililodondoshwa.

Uganda ina mfano wake. Alasiri ya tarehe 14 Agosti 1992 mvua ya mawe ya angani ilinyesha Mbale, na jumla ya takriban kilo 150 ikapatikana. Kipande cha gramu 3.6 kilimpiga kijana kichwani baada ya kupunguzwa kasi na majani ya mgomba, wala hakikumdhuru. Basi mgomba unatosha kumpokea mdandia.

Ila usimtoe kwenye mawe yale yenyewe. Mawe ya Mbale ni ya aina iliyopikwa kwa mamia ya nyuzi ndani ya sayari ndogo yalikomegeka. Punje ingekuwa majivu kabla ya safari kuanza. Andika jiwe jeusi, jepesi, lenye kaboni na udongo wenye maji, linalomomonyoka likinyeshewa. Likimomonyoka huziachia punje, na ndiyo maana hadithi zetu huanza na mvua.

Kiumbe wa kule atawezaje kula nyama ya huku?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote. Protini hujengwa kwa asidi amino, na nyingi kati ya hizo zinaweza kuwa za mkono wa kushoto au wa kulia, kama kandambili za jozi moja. Uhai wote wa dunia umejengwa kwa za kushoto. Mdandia angekuwa wa kulia, nyama ya mbuzi ingempitia tumboni bila faida. Tumemfanya wa kushoto, na si kwa kubahatisha tu: baadhi ya vimondo vyenye kaboni vimekutwa na asidi amino za kushoto zikizidi kidogo zile za kulia.

Pia hatumii vinasaba vyetu. Virusi hawezi kuambukiza kutoka dunia nyingine, kwa sababu lazima ajue kuzungumza na mashine ya ndani ya chembe yako. Buu hahitaji lugha hiyo. Anayeyusha nyama na kuinywa. Kwa hiyo mbuzi hageuki mdandia, wala hazaliwi chotara. Ukiona picha ya mdandia mwenye pembe za ng'ombe wa Ankole, mchoraji hajafika hapa.

Uteuzi wa wenyeji nao umepimwa. Kuna nyigu, Anagyrus lopezi, aliyeletwa Afrika kutoka Amerika Kusini kupambana na vidung'ata vya muhogo, na uzuri wake ni kwamba anashambulia mdudu huyo karibu peke yake. Mgeni wa aina hiyo akitua bila mwenyeji wake hufa njaa. Mdandia tumemfananisha na funza wa miguuni, ambaye hachagui: nguruwe, mbwa, panya na mtu ni sawa kwake. Funza naye ni mgeni. Alitoka Amerika, akafika Angola mwaka 1872 kwa meli, na kabla ya karne kwisha alikuwa ameshavuka bara mpaka Afrika Mashariki, kidole kwa kidole.

Hatua za maisha yake ni zipi?

Punje hukaa vumbini hadi ipate maji. Ikilowa, baada ya saa 1 hupasuka na kutoa mwogeleaji wa milimita 1 asiye na mdomo. Ana akiba ya sukari ya saa 30, basi. Asipopata ngozi, amekwisha. Serkaria wa kichocho, wale wanaotoka kwa konokono na kuogelea pembezoni mwa Ziwa Albert, wana kikomo kama hicho: siku moja au mbili, kisha betri imekwisha.

Akiipata ngozi huingia na kuwa mpangaji. Huyu ndiye anayekula. Huhamia nafasi ya tumbo upande wa kulia, kwa kuwa upande wa kushoto wa mbuzi umejaa tumbo kubwa la kucheulia. Kutoka miligramu 3 hadi kilo 6 ni kuongezeka maradufu mara 21, yaani mara moja kila siku 2 na kitu. Mabuu wa inzi hukua kwa kasi zaidi ya hiyo, kwa hiyo hatujadanganya.

Siku ya 45 hutoka, huchimba sentimita 30 katika udongo wenye unyevu na kugeuka bundo, hatua ya kulala, kwa siku 12. Udongo wa baridi humchelewesha. Kabale, kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000, mpe siku 20. Bundo huchoma theluthi ya uzito wake, na anayetoka ni mpevu wa kilo 4, urefu sentimita 70, asiye na utumbo. Hali kitu. Huishi siku 9, hutaga, hufa.

Kilo 4 tu? Tunataka wa mita tatu.

Mnyama mkubwa kuliko wote wa nchi kavu mwenye gamba la nje na miguu ya viungo ni kaa wa minazi, na huishia kilo 4 hivi. Gamba halikui, lazima livuliwe, na siku ya kuvua mnyama huwa laini kama uji. Mwenye kilo 100 akivua gamba nchi kavu atajilalia mwenyewe. Halafu uzito hukua kwa mchemraba ilhali unene wa mguu hukua kwa mraba: mkuze mara 4 kwa urefu, uzito umekuwa mara 64, na miguu imepata nguvu mara 16.

Kaa wa kilo 4 anayetoka ardhini gizani karibu na kisima anatisha vya kutosha. Mchoraji akishindwa kumfanya atishe, tatizo si kilo.

Anaingiaje mwilini bila mtu kuhisi?

Kuna njia mbili. Ya kwanza ni maji: mwogeleaji huyeyusha ngozi kwa vimeng'enya na kupenya kwa dakika chache, kama serkaria. Mwenye mwili huona mwasho na vipele tu.

Ya pili tumeiiba kwa inzi wa maembe. Huyu hutaga kwenye nguo zilizoanikwa kivulini zikiwa bado mbichi. Mayai huanguliwa, na buu huingia ngozini nguo ikivaliwa, akakaa siku 8 hadi 12 kabla ya kujitoa. Ndiyo sababu watu wazima husisitiza kupiga pasi hata chupi, na kwenye mishono hasa. Punje ya mdandia iliyonasa kwenye shuka lenye jasho hufanya vivyo hivyo. Jasho linatosha kuilowesha, ila polepole: saa 5 au 6.

Haingii kwa kumeza. Asidi ya tumbo humuua mwogeleaji. Wengi husahau hili na kuwafanya wahusika wanywe maji machafu.

Kinga ya mwili inakuwa wapi?

Inakuwa kazini, na mapema humshinda mara nyingi. Tumeweka kwamba kati ya waogeleaji 100 wanaopenya, 97 hufa ndani ya siku 3, wakizingirwa na chembe nyeupe na kugeuka vinundu vigumu chini ya ngozi. Vinundu hivyo ni dalili nzuri ya hadithi. Daktari wa mifugo makini ataviona.

Kwa watatu waliobaki tulikuwa na mbinu mbili za kuchagua. Kimelea wa malale hubadili koti. Ana zaidi ya vinasaba 1,000 vya protini ya juu ya mwili, na kinga ikilitambua koti la leo, kesho wachache wamevaa jingine. Uganda ndiyo nchi pekee yenye aina zote mbili za malale ya binadamu, moja kaskazini-magharibi na nyingine kusini-mashariki, na mlipuko ulioanza mwaka 1900 Busoga uliua zaidi ya watu 200,000. Mbinu hiyo ni kali, lakini inahitaji mamilioni ya miaka ya kupigana na kinga hii hii. Mgeni hana historia hiyo. Tukachagua mbinu ya mnyoo wa kichocho, ya kujipaka molekuli za mwenyeji mwenyewe mpaka aonekane kama nyama ya nyumbani. Hii haihitaji kuijua kinga. Inahitaji ngozi yenye gundi.

Gundi hiyo ina kasoro: ukimhamisha mpangaji kutoka mbuzi mmoja hadi mwingine kwa upasuaji, anaingia akiwa amevaa sare ya adui, na anauawa kwa saa chache.

Kwa nini asikue usiku mmoja?

Kwa sababu angempika mbuzi. Fuata hesabu. Kilo 1 ya mwili mbichi hubeba takriban megajuli 6 za nishati. Mpangaji wa kilo 6 basi amehifadhi megajuli 36. Mnyama anayekua vizuri sana hupoteza kiasi kama hicho kwa joto, hivyo megajuli 36 nyingine zimetoka kama moto. Zitoe kwa siku 45: ni wati 9, chini ya balbu ndogo. Zitoe kwa saa 8 za usiku: ni wati 1,250, sawa na koili moja ya jiko la umeme inayowaka ndani ya tumbo. Kama joto lisingetoka, mbuzi na mgeni wake wangepanda nyuzi 300.

Upande wa chakula nao unabana. Mbuzi wa kilo 28 hula kama kilo 0.8 ya chakula kikavu kwa siku na kupata megajuli 6.5 hadi 7. Yeye mwenyewe anahitaji karibu 5.4 za kuishi tu. Mdandia, kwa wastani, anataka 1.6. Inatosha, kwa shida! Lakini ukuaji si wa wastani. Sehemu kubwa huja wiki mbili za mwisho, na hapo mbuzi hula mpaka jioni huku mbavu zikitokeza. Kiangazi, malisho yakiwa haba, mpangaji huishia kilo 3, hutoka dhaifu na kutaga nusu. Mtengenezaji wa mchezo anaweza kuitumia: mfugaji anayemlisha mgonjwa vizuri anamlisha zimwi.

Kilo 6 si mzigo wa ajabu. Mbuzi mwenye mimba ya mapacha hubeba uzito wa aina hiyo, na kwa nje huonekana hivyo hivyo. Dalili maarufu ya mdandia kijijini, kwa hiyo, ni beberu mwenye mimba.

Je, anatawala akili ya mwenyeji?

Kidogo kuliko mnavyotaka. Nyigu wa mende humchoma mende kifuani kwanza, kisha kwenye ubongo, halafu humshika kipapasio na kumwongoza kama mbwa hadi shimoni. Kuvu wanaowafanya chungu wapande na kung'ata jani kabla ya kufa hujaa mwilini na kusokota misuli. Wote hao wamezoeana na mwenyeji mmoja kwa muda mrefu mno. Mgeni wa juzi hajui ramani ya ubongo wa mbuzi.

Anachoweza ni kuchezea chumvi. Siku 3 za mwisho hutoa chumvi damuni, na ongezeko la asilimia 2 linatosha kuleta kiu kali. Mbuzi huenda mwenyewe majini, ambako udongo ni laini na kuna wenyeji wapya. Mnyoo wa Guinea hufanya jambo la jamii hiyo: huunguza mguu, mtu akautia majini kupoza, na mnyoo akamwaga watoto. Mnyoo huyo hufika karibu mita moja na hutolewa kwa kuviringwa kwenye kijiti, sentimita chache kila siku, kwa sababu ukimvuta akikatika sehemu iliyobaki huleta uvimbe na usaha. Uganda ilithibitishwa kuwa huru naye mwaka 2009.

Mdandia hutokea ubavuni kulia, sehemu aliyoilainisha kwa siku 3 mpaka imekuwa kama ngozi ya embe bovu. Hakuna mlipuko. Huchukua dakika 40. Mwenyeji huuawa mara nyingi na bakteria wa kawaida wa hapa duniani wanaoingia kwenye tundu.

Damu yake ni tindikali inayotoboa chuma?

Hapana, na tafadhali msituulize tena. Kuyeyusha kilo 1 ya chuma kunahitaji takriban kilo 1.75 ya asidi safi ya sulfuriki. Tundu la sentimita 10 kwenye bamba la sentimita 2 ni kilo 1.2 ya chuma, basi kilo 2 na zaidi za asidi, nusu ya mdandia mzima. Tena asidi hiyo ikiwa kali kabisa huhifadhiwa kwenye matangi ya chuma cha kawaida, kwa sababu hujitengenezea utando unaoizuia.

Tumempa kitu kibaya zaidi na cha bei nafuu: sumu ya yule mdudu mwembamba mwekundu na mweusi ambaye Afrika Mashariki wamembandika jina la Nairobi. Hang'ati. Ukimponda juu ya ngozi, damu yake huacha malengelenge baada ya siku moja au mbili, na mkono uliomponda ukigusa jicho, jicho huvimba. Sumu hiyo hutengenezwa na bakteria wanaoishi ndani yake. Mdandia akipondwa huacha hivyo, na kwa kuwa madhara huchelewa, mhusika analala akidhani ameshinda.

Nini kinamuua?

Tuanze na visivyomuua. Ivermektini hufanya kazi kwa kufungua milango fulani ya neva ya minyoo na wadudu wa dunia hii; mdandia hana milango hiyo. Oksitetrasiklini, sindano ya njano ambayo kila mfugaji ana chupa yake, huziba mashine ya protini ya bakteria wa hapa. Dawa za josho ni hivyo hivyo, na kupe wengine wa Uganda wenyewe wameshazizoea. Mwandishi anayemponya mbuzi kwa sindano moja anatuandikia hadithi ya kupe.

Kinachomuua ni fizikia. Mwogeleaji na mpangaji hufa wakizidi nyuzi 45. Punje kavu ni ngumu, huvumilia maji yanayochemka kwa dakika 1, na hapo ndipo watu hukosea: humwaga maji ya moto sakafuni, yanapoa, na punje zilizobaki zinaamka zikiwa zimeloweshwa vizuri. Njia sahihi ni kulowesha kwanza kwa maji ya kawaida, kusubiri saa 1 na nusu mpaka zipasuke, kisha kumwaga ya moto. Kwa shuka, nyunyiza, subiri, piga pasi ya makaa hadi mishono ikauke. Maji ya kisima yachujwe kwa kitambaa chenye matundu ya milimita 0.15, kile cha kampeni za mnyoo wa Guinea. Mwogeleaji ana milimita 1, hapiti. Chumvi nayo ni kali kwake: gramu 50 za chumvi ya Katwe kwa lita moja humnyausha kwa dakika 10.

Bundo lichimbuliwe na kuchomwa. Usilikate kwa panga. Rudi kwenye swali la damu.

Anazaaje akiwa peke yake? Ataijaza dunia lini?

Wote ni majike na hutaga bila dume, kama vidukari. Jiwe huweza kuleta mmoja tu, na mmoja asiye na mwenza angekuwa mwisho wa habari. Hutaga punje 300,000, gramu 900 kwa jumla. Si nyingi, mnyoo wa tumbo wa kawaida, askaris, hutaga hadi 200,000 kwa siku.

Tukisema wawili tu kati ya hizo hufika upevu, na kizazi ni siku 70, basi kwa mwaka kuna vizazi 5 na mmoja amekuwa 32. Baada ya miaka 5, zaidi ya milioni 33. Lakini punje inahitaji mvua. Karamoja, yenye msimu mmoja wa mvua, mpe vizazi 2 kwa mwaka. Kusini, penye misimu miwili, mpe 4. Mwanzo wa uvamizi ni wa polepole kiasi kwamba ofisi ya wilaya ina muda wa kuandika ripoti na kuipoteza.

Udhaifu wake ni ule wa migomba yetu ya matooke: wote ni nakala. Ugonjwa wa mnyauko ulipoonekana Uganda mwaka 2001 ulikuta mashamba ya miche isiyotofautiana. Kuvu mmoja wa udongoni atakayejifunza kula bundo atawamaliza wote.

Tuite hatua zake kwa maneno gani?

Mwenyeji ni anayebebeshwa. Kimelea ni anayebebwa. Sema buu, si funza: Uganda ukisema funza wengi watafikiria wa miguuni, na kwingine funza ni buu wa kwenye nyama iliyooza. Bundo ni hatua ya kulala. Mwogeleaji, mpangaji na mpevu ni ya kwetu.

Naweza kumweka ndani ya binadamu badala ya mbuzi?

Unaweza, ila rekebisha namba. Mbuzi ana nyuzi 39, mtu 37, na kimeng'enya hupungua kasi kwa kama asilimia 15 kwa tofauti hiyo. Siku 45 ziwe 52. Mtu mzima hula megajuli 8 hadi 10 kwa siku, hivyo hakondi haraka kama mbuzi, ila njaa yake itaonekana na jirani. Picha ya ultrasaundi itamwonyesha kuanzia wiki ya 5, kwa hiyo mhusika wako asifike zahanati yenye mashine, au afike siku ambayo umeme haupo. Kuku na karoli (wale korongo wakubwa) wa Kampala waache: wana nyuzi 41 zinazopendeza, lakini hata karoli mkubwa hazidi kilo 9, na mdandia atatoka na gramu mia kadhaa, bila punje hata moja.